Kosa la mita 15 na hatima ya sayari

Kama umewahi kuandika programu, unajua jinsi kosa dogo la desimali linavyokua kila hesabu inaporudiwa. Leo nawaletea mfano mkubwa kuliko yote ninayoijua.

Newton alijua kuwa sayari huvutana. Mwaka 1773, Mfaransa Laplace alitoa hesabu kuonyesha kuwa mivutano hiyo haibadilishi ukubwa wa njia zao. Watu wakatulia. Mwaka 1989 Mfaransa mwingine, Jacques Laskar, akaipa kompyuta kazi hiyo na kukuta mengine: ukikosea mahali ilipo Dunia leo kwa mita 15 tu, baada ya miaka milioni 100 kosa hufika kilomita milioni 150, yaani umbali wa kutoka hapa hadi kwenye jua!

Mwaka 2009 yeye na Mickaël Gastineau waliendesha majaribio 2,501 ya miaka bilioni 5, kila moja likipishana na jirani yake kwa milimita 0.38 katika njia ya Utaridi. Katika takriban asilimia 1, njia hiyo ilirefuka mno, kiasi cha Utaridi kuweza kugonga Zuhura au kutumbukia kwenye jua.

Kwa hivyo usingoje kompyuta yenye kasi zaidi itupe jibu moja. Itatupa uwezekano tu: 99 kwa 1. Si haba.