Mto Kagera katika Filamu ya Mogambo (1953): Mipaka ya Ushahidi kwa Historia ya Ngara na Biharamulo

Mtafiti wa historia ya Kagera hana budi kupima thamani ya filamu ya kubuni kama chanzo cha historia. Mfano ulio karibu ni Mogambo, filamu ya mapenzi na ya kusisimua iliyoongozwa na John Ford na kutolewa mwaka 1953 na kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer ya Marekani. Waigizaji wakuu walikuwa Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly. Matukio ya nje yalipigwa picha Afrika, yakiwemo ya Mto Kagera, Tanganyika. Ya ndani yalipigwa katika studio za kampuni hiyo nchini Uingereza.

Hadithi yenyewe haikutoka Kagera. Ilikwisha kuonyeshwa mwaka 1932 katika Red Dust, ambamo Gable huyohuyo aliigiza mwenye shamba la mpira huko Indochina. Shamba lilipogeuzwa kuwa kambi ya uwindaji, mandhari ilibadilika, lakini kisa cha mwanamume mmoja na wanawake wawili kilibaki kilekile. Hata jina Mogambo, lililotangazwa kuwa la Kiswahili lenye maana ya mapenzi makali, halimo katika msamiati wa lugha hii. Neno lililo karibu nalo ni mgambo, ambalo maana yake ni nyingine kabisa.

Shukrani zilizoandikwa mwanzoni mwa filamu zinawataja Bahaya wa Tanganyika kwa jina la kabila tu, ilhali nyota wa Marekani na Uingereza wanatajwa mmoja mmoja.

Kwa Ngara na Biharamulo pengo ni kubwa zaidi. Mito Ruvubu na Nyabarongo hukutana karibu na Maporomoko ya Rusumo, wilayani Ngara, na kuunda Kagera. Hata hivyo Wahangaza, Washubi na Wasubi hawatajwi. Mkoa wa Ziwa Magharibi ulipoitwa Kagera mwaka 1979, jina la mto likawa la eneo zima. Kwa hiyo msomaji wa leo anaweza kudhani kwamba filamu hiyo inauzungumzia mkoa wote.

Inahitimishwa kuwa Mogambo ni ushahidi wa namna watengenezaji walivyoitumia Kagera, si wa maisha ya wakazi wake. Ushahidi huo wa pili umo katika masimulizi, nayo hayangoji: aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1952 alizaliwa mwaka 1932.