Spika Mpya na Njia ya Sauti Hadi Tanga

Wauzaji wa vyombo vya muziki wana nasaha yao: spika mpya usiihukumu mapema, ipigishe saa mia kwanza ilainike. Nimetaka kuipima nasaha hiyo kwa kuifuata njia ambayo sauti ya mashine ilipita kufika Tanga.

Njia inaanza na santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodiwa na His Master's Voice, na santuri za Kiswahili zikaenea mwambao. Kwenye gramafoni kulainika kulikuwa jambo la kweli. Santuri ile ilitengenezwa kwa lakiri iliyochanganywa na unga wa mawe, na unga huo uliisaga ncha ya sindano mpya ya chuma hadi ikakaa sawasawa ndani ya mfereji. Kwa kuwa santuri ilizunguka mara 78 kwa dakika, kazi hiyo iliisha mara tu muziki ulipoanza. Upande mmoja ukimalizika, sindano ilikuwa imechakaa; asiyeibadilisha aliiharibu santuri.

Miaka ya 1960 umeme ukaingia kwenye taarabu. Unguja ilijivunia kundi kubwa la fidla, udi na kanuni. Tanga, vikundi vidogo kama Black Star na Lucky Star, alikoimba Shakila Saidi, vilishika gitaa la umeme, gitaa la besi na akodiani. Umeme wenyewe nao uliongezeka mkoani humo: mwaka 1964 kituo cha Hale, cha megawati 21, kilianza kufua umeme kwa maji ya Mto Pangani.

Amplifaya za vali za enzi hizo zilihitaji kupashwa moto kabla ya kutoa sauti yake kamili, kama ngoma inavyowambwa upya kwa moto. Lakini hilo lilirudiwa kila usiku, hata kwa amplifaya kuukuu. Spika ni habari nyingine. Koni yake hushikiliwa na kitambaa kilichokaushwa kwa gundi, na kitambaa kipya ni kigumu. Kikitikiswa kwa nguvu hulegea, na mtetemo wa asili wa koni hushuka kidogo. Sehemu kubwa ya badiliko hutokea dakika na saa za mwanzo, na spika ikipumzika ugumu hurudi kiasi. Ndani ya kasha tofauti hupungua zaidi, kwa sababu hewa iliyofungiwa nayo huisukuma koni irudi. Waya wa shaba hauna cha kulainika.

Mbona basi watu huapa kwamba spika imebadilika baada ya mwezi? Sikio huzoea, na kumbukumbu ya sauti haidumu. Anayetaka haki aweke spika iliyotumika na nyingine iliyotoka kwenye boksi nyuma ya pazia, sauti zikiwa sawa kabisa, maana inayozidi kidogo kwa nguvu huonekana bora.

Sindano ilichukua sekunde, vali dakika, koni saa chache. Hakuna hatua ya njia hii iliyodai mwezi. Lakini saa mia, ukisikiliza saa mbili kila jioni, ni siku 50, na maduka mengi hayapokei bidhaa iliyokaa muda huo. Spika isiyokupendeza baada ya siku mbili tatu, irudishe risiti ikiwa bado ina maana.