Kolaji Haikuzaliwa Paris

Vitabu vingi vya historia ya sanaa vinasema kolaji ilianza Paris mwaka 1912. Mwaka huo Pablo Picasso alibandika kwenye turubai kipande cha kitambaa cha mezani kilichochapishwa mfano wa ufumo wa kiti cha henzirani, kisha picha nzima akaizungushia kamba. Miezi michache baadaye Georges Braque alinunua mjini Avignon karatasi ya kubandika ukutani yenye sura ya mbao, akaikata na kuitia katika mchoro wake wa mkaa. Tarehe hizo hazina ubishi, lakini tazama walichoshika mikononi: kitambaa cha meza, karatasi ya ukuta, mkasi na gundi. Kazi ya kukata na kubandika vitu vya namna hiyo, tabaka juu ya tabaka, ilikuwa imeshafanyika majumbani kwa zaidi ya karne moja, na wengi wa walioifanya walikuwa wanawake.

Shahidi mkubwa ni Mary Delany wa Uingereza. Mwaka 1772, akiwa mjane wa miaka 72, alianza kutengeneza maua ya karatasi akiwa Bulstrode, nyumbani kwa rafiki yake Duchess wa Portland. Ua moja lingeweza kuhitaji mamia ya vipande vilivyokatwa vyembamba kama uzi, vikapandanishwa kivuli juu ya mwanga, juu ya karatasi iliyopakwa weusi. Mahali pengine aliongeza rangi ya maji kwa brashi, na katika kazi chache alibandika jani halisi la mmea. Huko ndiko kuchanganya vifaa kwa maana yake kamili, miaka 140 kabla ya Picasso. Alipokaribia kutimiza kazi 1,000, macho yalimzuia kuendelea. Leo kazi hizo zimo British Museum, na bado zinafaa kusomwa kama kumbukumbu za mimea, kwa kuwa kila moja ina jina la kisayansi la ua lake.

Katika miaka ya 1860 na 1870, picha ndogo za kadi zilipokuwa rahisi na kila mgeni akiziacha nyumbani kwa mwenyeji, mabibi wa tabaka la juu Uingereza walikata vichwa vya jamaa na marafiki wakavipachika kwenye miili ya bata, kwenye miavuli, au ndani ya sebule walizozichora wenyewe kwa rangi ya maji. Ni kejeli tupu, na imetengenezwa kwa ustadi.

Mpinzani atasema huo ulikuwa mchezo wa matajiri wenye muda wa kupoteza. Ni kweli Delany hakuwa maskini, na karatasi nzuri ilikuwa ghali. Lakini utajiri wa mtengenezaji haujawahi kuwa kigezo cha kuikataa sanaa. Kwa kigezo hicho nusu ya majumba ya makumbusho ingebidi yafungwe. Pingamizi la pili ni zito zaidi: Delany alitumia karatasi kuiga ua, ilhali Braque aliiacha karatasi ya ukutani ibaki karatasi ya ukutani, akamlazimisha mtazamaji ajiulize kipi ni kitu na kipi ni picha ya kitu. Hapa lazima tukubali kwamba 1912 ilileta swali jipya. Hata hivyo, swali jipya halifuti mbinu ya zamani, na wale mabibi waliopachika picha halisi za kamera ndani ya sebule za kuchora walikuwa wamekwisha kuligusa, japo kwa kucheka. Wala hoja hii haidai kwamba Braque aliwajua. Inadai tu kwamba nyumba ilitangulia studio.

Aliyeujua ukoo huo kwa dhati ni Hannah Höch wa Berlin. Kuanzia 1916 hadi 1926 aliajiriwa na kampuni ya Ullstein kubuni ruwaza za kudarizi na kufuma kwa ajili ya magazeti ya wanawake, na magazeti ya aina hiyohiyo ndiyo aliyoyakata kutengeneza fotomontaji zake. Kazi yake kubwa, iliyoonyeshwa mwaka 1920 katika maonyesho ya kundi la wasanii la Dada, inataja kisu cha jikoni katika jina lake, na kisu hicho kinawapasua wanasiasa na majenerali wa Ujerumani. Baadhi ya wanaume wa kundi hilo hawakutaka awemo katika maonyesho. Baadaye, chini ya utawala wa Hitler, alihamia nyumba ndogo ya Heiligensee pembezoni mwa Berlin, na ndani yake akazificha kazi za wenzake ambazo dola ilizihesabu kuwa uchafu. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu Dada ya Berlin ilisalimika humo.

Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, naye amebandika vipande vya magazeti ya mitindo juu ya michoro ya zamani ya vitabu vya tiba, akiongeza pambo na manyoya mpaka miili ya wanawake igeuke viumbe wengine kabisa. Kazi hizo huuzwa na kuonyeshwa kama sanaa ya kisasa, na ni haki yake. Ila mhakiki anayemhusisha na Picasso peke yake ameruka mabibi wengi njiani.