Wavulana wa Kisiwa cha Chocorua

Kila tunapokutana wanafunzi wa zamani wa shule hii, mazungumzo hayachelewi kufika jikoni: nani alikwepa zamu ya kuosha masufuria, nani aliunguza maharage. Safari hii napenda kusimulia habari za wavulana wengine walioosha masufuria yao, mbali sana na hapa, katika ziwa Squam, jimbo la New Hampshire, Marekani.

Katika karne ya 19, matajiri wa miji ya Marekani walikuwa na desturi ya kuhamia kwenye hoteli za milimani na ziwani wakati wa majira ya joto, yaani Juni hadi Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Watoto wao wa kiume walishinda kutwa hawana la kufanya, huku watumishi wakiwatandikia vitanda na kuwaandalia chakula. Kijana mmoja, Ernest Balch, aliyekuwa bado mwanafunzi wa Chuo cha Dartmouth, alichukizwa na hali hiyo. Mwaka 1881 aliwachukua wavulana wachache, akaenda nao kwenye kisiwa kidogo kiitwacho Chocorua.

Yafaa ikumbukwe kwamba Balch hakuwa wa kwanza kuwapeleka wavulana kambini. Mwaka 1861 Frederick Gunn, mwalimu mkuu huko Connecticut, alipiga kambi na wanafunzi wake. Lakini safari ile ilikuwa sehemu ya masomo ya shule. Kambi ya Balch ilijitegemea yenyewe, na sharti lake kuu lilikuwa moja: hapana mtumishi.

Basi maisha ya kila siku yalikwenda kwa zamu. Kundi moja lilipika, jingine likaosha vyombo, jingine likafanya usafi wa kambi. Kazi zikiisha, ziwa lilikuwa lao: kuogelea, kupiga mbizi, kupiga makasia na kuendesha mashua za tanga. Jumapili walisali chini ya miti, katika kanisa lisilo na kuta wala paa. Mpaka leo ibada hufanyika pale kisiwani wakati wa majira ya joto.

Jambo lililonivutia zaidi ni fedha. Kila mvulana alipewa posho ndogo, hata baba yake awe tajiri namna gani. Aliyetaka zaidi alipaswa kufanya kazi ya ziada. Kazi za kambi zilitolewa kwa mkataba, na wavulana walishindana kuzipata kwa kutaja bei zao. Walikuwa hata na benki yao na hundi zao.

Ajabu ni kwamba kambi hiyo iliyofundisha hesabu ilishindwa na hesabu. Mwaka 1889 ilifungwa kwa matatizo ya fedha. Hata hivyo wazo lilikwisha kuenea. Kambi ya Dudley, iliyoanzishwa mwaka 1885 katika jimbo la New York, ingali inapokea wavulana hadi leo kando ya ziwa Champlain.

Nasi tunalo wazo linalokaribiana na hilo. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akataka shule ziwe na mashamba na wanafunzi wafanye kazi. Tofauti ni kwamba Balch alikuwa na watoto wa matajiri wachache, na Mwalimu alikuwa na taifa zima la wakulima. Lakini wote wawili walihofia kitu kimoja: msomi anayeona haya kushika jembe au ufagio.

Nikiri kosa letu. Nilipokuwa kidato cha pili, shamba lilikuwa adhabu. Aliyechelewa mstarini alipewa jembe. Aliyewahi alikwenda zake kusoma. Ndivyo tulivyojifunza, bila kuambiwa, kwamba jembe ni la mkosaji. Leo ofisini namwona mtu mwenye shahada akimngoja mhudumu aje kumwondolea kikombe mezani, nami najua alikojifunzia, kwa kuwa nami nilijifunzia huko huko.

Vijana mlioko mabwenini sasa, zamu yenu ya jikoni ikifika, msiikwepe. Na walimu wetu, kwa heshima zote, nawaomba: mkosaji mtafutieni adhabu nyingine. Jembe na liwe la kila mtu.