Burundi: noti zilizopewa siku 10 tu

Tarehe 7 Juni 2023, Benki Kuu ya Burundi, BRB, ilitangaza kuziondoa katika mzunguko noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la mwaka 2018. Ndizo zilizokuwa noti kubwa kuliko zote nchini humo. Wananchi walipewa siku 10, hadi tarehe 17 Juni, kuzipeleka benki. Baada ya hapo hazingekuwa tena fedha halali.

Muda huo haukuwa na uzito mmoja kwa watu wote. Mkazi wa Kiriri, mtaa ulio mlimani juu ya Bujumbura, aliweza kushuka tu hadi katikati ya jiji zilipo benki. Mchuuzi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ambaye pengine akiba yake yote i sandukuni, akifunga kibanda apange foleni amekosa riziki ya siku. Mkulima wa mashambani, ndiyo kwanza alitafute tawi la benki.

Kuzimaliza noti hizo dukani hakukuwa suluhisho. Mnunuzi hujivua mzigo, lakini muuzaji huurithi, naye amebakiwa na saa chache zaidi.

Nchi nyingine za kanda zimekuwa na subira. Kenya, ilipoiondoa noti ya zamani ya shilingi 1,000 mwaka 2019, ilitoa miezi 4, kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Septemba. Tanzania iliwapa wenye noti zake za zamani miezi 3, kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025.