Kamba wa kuchoma wa Kichina

Kamba wa kuchoma wa Kichina ni kitoweo cha kamba waliolowekwa kwenye viungo, kisha wakachomwa juu ya mkaa. Huuzwa katika vibanda vya shaokao, uchomaji wa mitaani unaochangamka usiku katika miji mingi ya China.

Msingi wake ni tangawizi, kitunguu saumu na majani ya kitunguu. Huongezwa sosi ya soya, mafuta ya ufuta kidogo na mvinyo wa mchele, hasa ule wa Shaoxing, mji wa jimbo la Zhejiang. Mvinyo na tangawizi hukata shombo. Waislamu wa kabila la Wahui huacha mvinyo. Pilipili ya Sichuan, inayotia ganzi ulimini, si lazima, ingawa bila hiyo ladha hupwaya.

Kamba hupasuliwa mgongoni kwa mkasi, utumbo mweusi ukatolewa, na ganda likaachwa. Ganda hilo huikinga nyama na moto, na viungo huingia kupitia mpasuko. Kuloweka kwa nusu saa kunatosha, kwani chumvi ya soya ikikaa mno hufyonza maji na nyama hukakamaa. Vitunguu saumu vilivyopondwa hupanguswa kabla ya kuchoma, maana huungua upesi na kuwa vichungu.

Kamba wakubwa huhitaji takriban dakika 2 au 3 kila upande. Aliyeiva hujikunja nusu duara na nyama yake hugeuka nyeupe. Aliyejikunja kama pete ameshapitiliza.