Uwekezaji wa mtaji katika viwanda vya saruji Tanzania

Saruji hula mtaji mwingi kabla ya kutoa mfuko wa kwanza: tanuri, vinu, machimbo ya chokaa na umeme hulipiwa mapema. Kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza uzalishaji mwaka 1966. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ndiyo iliyobeba mzigo wa upanuzi, na Tanga ikapata kiwanda chake mwaka 1980. Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 ulileta kampuni za Ulaya, zilizokarabati na kupanua mitambo ya zamani. Mwaka 2015 kampuni ya Dangote ya Nijeria ilizindua Mtwara kiwanda kipya kabisa, chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka.